Piti kitaluni Mtwara: tuhesabu lita kwanza

Piti inayomwagwa leo kwenye trei za nyanya Mikindani ilianza kujijenga pengine kabla Wareno hawajaitia macho Kilwa. Ni masalia ya mosi, mmea mdogo laini wa jamii ya ule ukijani unaotambaa kwenye matofali yenye unyevu nyuma ya bafu. Mosi hiyo ilikufa na kurundikana karne kwa karne katika vinamasi vya baridi vya Ulaya Kaskazini na Kanada. Ikachimbwa, ikakaushwa, ikashindiliwa mfukoni, ikapanda meli, ikateremshwa Dar es Salaam, kisha ikasafiri zaidi ya kilomita 500 za barabara hadi kusini.

Wapo wanaosema sasa basi, isinunuliwe tena, kwa kuwa uchimbaji wake unaharibu vinamasi na kuchafua hewa ya dunia nzima. Wapo wanaojibu kwamba mkulima wa Mtwara au Lindi hajachimba kinamasi cha mtu, na asibebeshwe mzigo wa Wazungu. Kambi zote mbili zina hoja za kweli. Ila zinagombania mfuko bila kuuliza unakwenda kujaza nini, na kwangu hapo ndipo penye uamuzi wote.

Tuutazame mmea wenyewe kwanza, maana wengi wanaoubishania hawajauona ukiwa hai. Mfano mzuri ni Sphagnum medium, mosi yenye wekundu uliokolea, mkazi hasa wa vinamasi vya kuba. Hivi ni vinamasi vilivyovimba katikati hadi kupita kiwango cha maji ya ardhini, hivyo vinaishi kwa mvua tu. Mto hauviletei kitu, wala chemchemi. Kwa muda mrefu mosi hii ilihesabiwa ndani ya Sphagnum magellanicum, spishi iliyopewa jina mwaka 1798 kutokana na mimea ya ncha ya kusini ya Amerika Kusini. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza vinasaba waligawa spishi hiyo moja kuwa tatu: ya kusini ikabaki na jina lake, na mbili za kaskazini zikaitwa Sphagnum divinum na Sphagnum medium.

Haina mizizi. Ncha yake inakua kwenda juu huku sehemu ya chini ikifa na kuwa msingi wa kizazi kinachofuata. Kwenye jani lake kuna seli nyembamba zilizo hai, zenye umbijani, na kati yake seli kubwa zilizokufa, tupu, zenye vitundu. Hizo zilizokufa ndizo zenye kazi. Zinavuta maji na kuyashika, kiasi kwamba mosi kavu inaweza kubeba maji yenye uzito wa mara 15 hadi 20 ya uzito wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, pamba ilipoadimika, Waingereza waliikusanya kwa wingi na kuishona kuwa bandeji za majeruhi.

Halafu kuna tindikali. Mosi hunyakua madini machache yaliyomo kwenye maji ya mvua na badala yake huachia haidrojeni, hivyo maji yanayoizunguka huchachuka. Ukijumlisha uchachu huo, baridi na ukosefu wa oksijeni, vijidudu vya kuozesha vinashindwa kazi. Mwaka 1950 wachimbaji wa piti nchini Denmark walikuta maiti ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mwenye ngozi na ndevu chipukizi bado usoni. Wakadhani ni mauaji ya juzi, wakaita polisi. Ikiwa mwili wa mtu haukuoza humo, majani ya mosi nayo huoza polepole mno. Yanarundikana kwa kadiri ya milimita moja kwa mwaka, na sehemu ya kaboni iliyovutwa kutoka hewani inabaki humo. Tabaka la mita moja ni kazi ya miaka elfu.

Sasa upande wa mwenye kitalu, na nitaupa nafasi kwa sababu wanaoupinga huupitia juu juu. Mbegu ya nyanya au hoho ya kisasa huuzwa ghali, wakati mwingine kwa kuhesabiwa. Ukiisia kwenye udongo wa uani uliochanganywa na samadi, unakaribisha kinyausi. Asubuhi mche umesimama, jioni umelala, shingo imeoza. Unakaribisha pia minyoo fundo, ambayo mkulima ataigundua shambani baada ya miezi miwili, wakati hakuna la kufanya. Piti inatoka kinamasini bila magugu na bila wadudu wa mizizi wa huku kwetu. Ni nyepesi, trei inabebeka na mtoto. Ni ya namna moja kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho, hivyo miche huota sawia na kuchomoka na donge lake zima. Tundu la trei lina mililita 25 au 30 tu; kwa jua letu la Oktoba, udongo wa kichanga kwenye kijitundu hicho hukauka kabla ya saa sita. Kinachoshika maji ndicho kinachookoa mche.

Kasoro zake zipo, na muuzaji hatazitaja. Piti ghafi ina pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 4 au chini yake, na isiyotiwa chokaa hudumaza miche na kuitia umanjano. Mifuko mingi ya vitaluni huja ikiwa imeshatiwa chokaa na mbolea kidogo, lakini si yote, kwa hiyo soma maandishi kwanza. Kubwa zaidi kwa mazingira yetu ni kwamba piti ikishakauka kabisa inayakataa maji. Unamwagilia, maji yanateleza pembeni na kutokea chini, katikati pakavu. Kitalu kikisahauliwa Jumapili moja mchana, ile sifa ya kushika maji inageuka kuwa adha. Vumbi la usumba, lile linalobaki makumbi ya nazi yakichambuliwa nyuzi, ambalo maduka ya pembejeo huliita kokopiti, hurudia maji kwa urahisi zaidi.

Upande wa pili unaanza na kaboni. Ardhi yenye piti ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini inahifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote kwa pamoja. Ili uchimbe, lazima kwanza utoe maji. Ukitoa maji, hewa inaingia, na kilichokaa miaka elfu kinaanza kuoza na kugeuka kaboni dioksidi. Ile iliyosafirishwa nayo inaozea kwenye trei na shambani. Ireland ilikuwa na vinamasi vya kuba vingi mno. Leo vilivyo hai, ambavyo mosi yake bado inajenga piti, ni karibu asilimia 1 tu ya eneo la awali. Shirika la umma la huko, Bord na Móna, lilitangaza Januari 2021 kwamba limeacha uchimbaji kwa jumla.

Yaliyofuata yanatuhusu sana. Wakulima wa uyoga na miche wa Ireland hawakuacha kuhitaji piti eti kwa sababu uchimbaji wa kwao umesimama. Mwaka huohuo wa 2021 meli ilitia nanga huko ikiwa na tani zipatazo 3,600 za piti kutoka Latvia. Kinamasi cha nyumbani kikapumzika, cha jirani kikachimbwa, na mafuta ya meli yakaongezwa juu. Uingereza nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba England itazuia uuzaji wa piti kwa watu wa bustani za nyumbani ifikapo 2024. Mwaka ukafika na kupita, sheria haikupitishwa. Hata huko kwenye pesa na maabara, kuacha bila kuwa na mbadala kumewashinda.

Wachimbaji wana utetezi wao pia. Wanasema, na ni kweli, kwamba vinamasi vingi zaidi vya Ulaya vilikaushwa kwa ajili ya kilimo, malisho na misitu ya kupandwa kuliko kwa ajili ya piti ya bustani. Kanada, ambayo ni msafirishaji mkubwa, imejifunza kurudishia: wanafunga mitaro, wanatandaza vipande vya mosi hai kutoka kinamasi jirani, wanafunika kwa majani makavu, na mosi inashika. Ujerumani wapo wanaolima mosi yenyewe kwenye mashamba yaliyorudishiwa maji, wavune juu bila kugusa piti ya chini. Ninawaamini kwa kiasi. Kurudisha zulia la mosi juu ni jambo moja. Kurudisha mita mbili zilizoondoka ni jambo la wajukuu wa wajukuu.

Hoja ya “hayo ni ya Wazungu” ndiyo ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa inashangiliwa sana. Kwanza, piti si ya Wazungu peke yao. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ramani ya bonde la Kongo kati ikionyesha kilomita za mraba 145,500 za ardhi ya piti, yenye kaboni tani bilioni 30 hivi. Hiyo ni piti ya misitu ya vinamasi, wala haikujengwa na mosi, lakini hoja ni ileile: leo tukisema kinamasi cha mwenzako hakikuhusu, kesho tutakosa la kusema mtu akija na mitambo Kongo. Pili, hewa haina mpaka, na mwambao wetu uko mstari wa mbele. Tatu, kutegemea mfuko wa mbali kuna hatari yake hata kwa asiyejali kaboni hata kidogo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara, mali yote ilikwama. Mbegu haingojei daraja litengenezwe.

Sasa hesabu. Miche 1,000 ya nyanya kwenye trei za matundu 128 inakula lita 30 hivi za piti. Mche mmoja wa mkorosho kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, chenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 20 unakula zaidi kidogo ya lita moja na nusu. Miche 1,000 ni karibu lita 1,570. Kwa idadi ileile ya miche, mkorosho unakula mara 50 na zaidi.

Tuingize kaboni. Piti kavu ya bustani ina uzito wa takriban kilo 100 kwa mita ya ujazo, na karibu nusu yake ni kaboni. Ikioza yote, mita moja ya ujazo inatoa kaboni dioksidi ya kilo 180 hivi, bila kuhesabu usafiri wala hewa inayotoka kinamasini kulikochimbwa. Kwa hiyo miche 1,000 ya nyanya ni kama kilo 5 na nusu. Bodaboda inayotoka Mtwara mjini kwenda Newala inatoa zaidi ya hapo kabla haijageuza. Lakini mradi ukiamua kuotesha mikorosho 100,000 kwa piti tupu, hizo ni mita za ujazo 157 na karibu tani 29.

Mtu makini atanikatiza hapa, na anayo haki. Atasema mkorosho unapandwa mara moja ukazaa miaka 30, ilhali trei ya nyanya inajazwa msimu hadi msimu. Mizunguko 50 ya trei, kwa mitatu kwa mwaka, haifiki hata miaka 20. Hesabu yake ni sahihi. Ukienda nayo, nyanya na mkorosho wanakuja kulingana, na ule wingi wa mara 50 unayeyuka.

Ndiyo maana lita peke yake hazitoshi. Lazima tuulize pia nani anaihitaji. Korosho ni mbegu kubwa yenye akiba yake ya chakula. Kwenye uwanda wa Makonde watu wameipanda moja kwa moja shambani vizazi na vizazi, kwenye mchanga usio na sifa yoyote, ikaota. Mche wa kubebeshwa unahitaji kiriba, sawa, lakini kirefu, chenye udongo mzito wa kutosha kushika mzizi mkuu na kufanana na udongo utakaoukuta. Kuutia kwenye piti ni kuuzoesha godoro kisha kuulaza sakafuni. Tena ardhi yetu nyingi ya korosho imeshachachuka, na miaka ya kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, imechangia. Kuleta kitu chenye tindikali kutoka ng'ambo, ukinunulie chokaa, ili uoteshe mti usiokihitaji, ni fedha kupotea. Mbegu ya nyanya au kabichi, punje yenyewe ndogo, haina akiba hiyo. Pale sifa za piti zinafanya kazi ya kweli.

Kwa hiyo kwenye trei simlaumu anayeitumia, kwa sasa. Kwenye viriba namlaumu, na namlaumu zaidi afisa anayeiandika kwenye zabuni kwa sababu tu aliona picha ya kitalunyumba cha Ulaya.

Hata hivyo, wale wanaosema “acheni piti, tumieni udongo wetu” nao nina neno nao. Udongo wetu upi? Kwa kawaida ni ule mweusi wa juu unaochotwa chini ya vichaka na misitu ya pwani, ukachanganywa na samadi na mchanga. Mita zile 157 zikitoka huko badala ya Latvia, tumefanya kama Ireland: tumehamisha shimo. Na misitu hii si mikubwa. Msitu wa Rondo, Lindi, umempa jina komba mdogo ambaye ni miongoni mwa nyani na jamaa zao walio hatarini zaidi duniani, na vipande vya msitu alivyobakiwa navyo vinahesabika. Tabaka la juu la msitu wa namna hiyo lina mbegu za miti ambayo haipatikani kwingine. Linajirudi haraka kuliko piti, ndiyo, lakini si haraka kuliko koleo. Mtu anayeona aibu kuchimba kinamasi cha Ulaya huku lori lake limejaa udongo wa msituni hajapima sawasawa.

Mbadala ninaouamini ni makumbi, nao hauji bure. Sisi tuna minazi, ingawa maradhi yameua mingi mwambaoni, na makumbi si taka kama wataalamu wa kuja wanavyodhani. Ni kuni za mama lishe, na ni kamba. Shida kubwa ni chumvi. Desturi ya mwambao ni kuloweka makumbi kwenye tope la bahari ili nyuzi ziachane, na vumbi linalotoka humo limejaa chumvi ya kuua mche. Hata makumbi ambayo hayakuloweshwa baharini yana potasiamu na sodiamu nyingi kiasili, pamoja na yale maji mekundu yanayochafua nguo. Lazima yakae miezi yaive, kisha yasuuzwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara kadhaa, ikiwezekana na kalsiamu kidogo ya kufukuza sodiamu iliyobaki.

Maji baridi, Newala? Juu ya uwanda ule watu wanavuna mvua ya paa na kungojea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Kumwambia mtu wa huko asuuze vumbi la nazi mara tatu ni kumtania. Kazi hiyo ni ya chini, mwambaoni au kando ya mito, ambako makumbi yapo na maji yapo. Bidhaa iliyokwisha kusuuzwa na kukaushwa ni nyepesi, ipande uwandani kwa lori. Kisha ichanganywe na maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu, ambayo kwenye mashine za kukobolea huko Kitere na bonde la Ruvuma ni mzigo wa kutupwa. Mchanganyiko huo unapitisha hewa na hauna uchachu wa piti.

Kwa viriba vya korosho si lazima hata uwe mzuri sana. Mboji ya majani ya mkorosho na mabibo yaliyooza vizuri, mchanga, na samadi iliyoiva ingetosha. Maganda magumu ya korosho tu ndiyo yaachwe, mafuta yake yanaunguza. Utafiti wa zao hili uko Naliendele, na Bodi ya Korosho iko hapahapa Mtwara, kwa hiyo maagizo ya miche ya umma yangeweza kusema wazi: kiriba kisicho na piti, kisicho na udongo wa msituni. Wenye vitalu wangeufuata mchanganyiko unaolipwa.

Kwenye trei, mwenye kitalu asiache piti siku moja. Aanze na robo ya vumbi la usumba, halafu nusu, na asimwamini muuzaji anayeapa kwamba limesuuzwa. Kipimo cha chumvi cha umeme si wengi wanacho, lakini mchicha upo kila kijiji. Jaza vikombe viwili, kimoja vumbi, kimoja piti, sia mbegu sawa, mwagilia sawa. Baada ya wiki, kikombe cha vumbi kikiwa na miche michache au yenye ncha za majani zilizoungua, rudisha gunia likasuuzwe.